Maneno Unayojiambia Shambani

Mkulima wa mpunga wa Ahero ajua kupima maji ya jaruba lake kwa jicho tu, na mkulima wa miwa wa Muhoroni ajua siku ya kutia mbolea ya kukuzia bila kuambiwa na mtu. Lakini iko kazi moja ambayo hakuna Bwana Shamba aliyetumwa kuikagua, nayo yaweza kuharibu shamba kama magugu. Kazi hiyo ni maneno ambayo mkulima hujiambia mwenyewe moyoni wakati mambo yanapokwenda vibaya.

Na kwetu huku mambo huenda vibaya mara nyingi. Uwanda wa Kano ni nchi tambarare, na udongo wake mweusi hushika maji. Mto Nyando hushuka kutoka milimani kwa nguvu, na ukifika tambarare huvunja kingo zake. Mwezi wa Mei mwaka 2020 Ziwa Victoria lenyewe lilipanda hata likapita kidogo alama ya mwaka 1964, na bustani nyingi za kando ya ziwa zikamezwa. Mvua za masika za mwaka 2024 zilileta mafuriko tena. Upande wa juu, yaani Muhoroni, Chemelil, Koru na Songhor, ambako mashamba makubwa ya walowezi yaligawanywa kuwa skimu za makazi katika miaka ya 1960, taabu ni ya namna nyingine. Miwa iliyopandwa upya hukaa miezi 18 hivi kabla ya kukatwa. Baada ya hapo mkulima hungoja zamu ya kukatiwa, halafu hungoja trakta, halafu hungoja fedha, na imetokea miaka mingi fedha hizo kuchelewa kwa miezi. Karo ya shule haingoji.

Basi usiku mtu hulala chali akitazama mabati. Angekuwa anahesabu deni tu, ingekuwa afadhali, kwa maana deni lina mwisho wake. Lakini anajiambia: "Mimi mpumbavu. Wenzangu wamefaulu. Baba yangu aliniachia shamba hili nami nimeliua." Kwa Dholuo wasiwasi wa namna hii huitwa parruok. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Yaelekea kila kabila la wakulima lina neno kama hilo.

Asubuhi matokeo yake huonekana. Mtu huamka amechoka kuliko alivyolala. Humfokea mtoto kwa sababu ya kikombe, humpiga fahali ambaye hakukosea, palizi huahirishwa hadi kesho kutwa, na jioni miguu humpeleka mahali penye chang'aa. Jirani husema ni mvivu. Si lazima awe mvivu. Mwili wa binadamu ukiona hatari hujiweka tayari kupigana au kukimbia: moyo hupiga mbio, misuli hukaza, usingizi hukimbia. Hilo lafaa sana kiboko akitoka ziwani usiku kuja kula mpunga. Lakini mwili hufanya yaleyale hata kama adui ni maneno ya mwenyewe, na kiboko huyu wa ndani harudi majini kunapokucha.

Walimu wa zamani mtanielewa nikisema hivi: viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini watu wazima wengi bado wanajichapa wao wenyewe kila usiku.

Iko elimu juu ya jambo hili. Mwaka 2003 Bi. Kristin Neff, mtaalamu wa elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Texas huko Marekani, aliandika juu ya kujihurumia, akaeleza kwamba kuna mambo matatu ndani yake. La kwanza ni kuitambua taabu yako kama ilivyo, bila kuikuza wala kuificha. La pili ni kukumbuka kwamba taabu ni fungu la watu wote, si lako peke yako. La tatu ni kujitendea wema ule ule ambao ungemtendea rafiki. Hili la tatu ndilo gumu kwetu. Jirani yako akipoteza mpunga wake wote kwa maji utamwendea, utakaa naye, utamwambia, "Omera, maji ya Nyando si wewe uliyeyaleta." Hutasimama mlangoni pake ukimwita mpumbavu. Na ungefanya hivyo, kijiji kizima kingekushangaa. Kwa nini basi wajiambia wewe maneno ambayo hungethubutu kumwambia mwenzako?

Najua jibu litakalotolewa, maana husemwa barazani kila mara: mtu akijihurumia atalegea. Yafaa tutofautishe mambo mawili hapa. Kujisikitikia ni kukaa chini ya mti ukisema hakuna aliyeteswa duniani kama wewe. Kujihurumia ni kusema, "Nimeumia, wengine pia wameumia, sasa nifanye nini?" Wataalamu wawili, Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walilipima jambo hili na kuandika matokeo yao mwaka 2012. Wanafunzi walipewa mtihani mgumu wa maneno, wakafanya vibaya. Baadhi yao wakaambiwa kwamba ni kawaida kushindwa mtihani kama ule na wasijilaumu kupita kiasi. Walipopewa nafasi ya kujiandaa kwa mtihani wa pili, hao walioambiwa wasijilaumu ndio waliosoma kwa muda mrefu zaidi. Mwalimu yeyote aliyewahi kumwona mtoto mwoga akiganda mbele ya ubao hatashangaa. Hofu hufunga akili. Mtu asiyeogopa kujitazama ndiye awezaye kukiri kwamba alichelewa kupanda, akapanga kuwahi msimu ujao.

Sasa tuje kwenye matendo yenyewe. Ni mafupi, wala hayataki fedha.

Mwaka 2024 watafiti wa chuo kile kile cha Berkeley walitoa habari za jaribio walilofanya kwa wanafunzi 135. Nusu walifundishwa kuweka mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni, kufumba macho, kuvuta pumzi, na kujisemea neno la wema kwa sekunde 20 tu kila siku kwa mwezi mmoja. Wengine walipewa zoezi la vidole lisilo na maana. Matokeo yasemwe kwa haki: makundi mawili yalipolinganishwa kwa jumla, tofauti kubwa haikuonekana. Lakini katika wale waliofundishwa, waliofanya mara nyingi zaidi ndio waliopata nafuu zaidi ya wasiwasi na wakazidi kujitendea wema. Hii ni kama palizi. Kupalilia mara moja kwa kishindo hakushindi kupalilia kidogo kidogo kwa wakati wake.

Sekunde 20 ni muda wa kungoja ndoo ijae kisimani. Mkulima aweza kuzipata akiwa amesimama kwenye mizani ya miwa, au kabla ya kufungua mlango wa nyumba jioni, na huo wa mlangoni naupenda mimi kuliko yote, kwa sababu watoto ndio wanaofaidika kwanza. Weka mkono kifuani. Sikia nyayo zako juu ya ardhi. Vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi. Halafu jiambie kwa lugha ya nyumbani kwako maneno ambayo ungemwambia ndugu yako: "Leo ilikuwa ngumu. Si mimi tu. Nimefanya nilichoweza." Ukiona aibu kuweka mkono kifuani mbele ya watu, shika mkono mmoja kwa mwingine kama unayejipasha moto. Hakuna atakayejua.

Akina mama nao wafikiriwe. Mama anayeamka kabla ya jogoo, akateka maji, akapika, akaenda kupandikiza mpunga ameinama mgongo siku nzima, mara nyingi hujilaumu jioni kwa yale machache ambayo hakuyamaliza. Yeye na ajaribu kuyataja, angalau moyoni, yale aliyoyamaliza.

Wasomaji wengine watasema haya ni mambo ya wanafunzi wa Marekani wenye matumbo yaliyoshiba. Ni swali la haki, na jibu lake liko karibu zaidi. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wanawake 694 waliokimbia vita vya Sudan Kusini, katika vijiji 14, waliingia katika jaribio la mafunzo yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani. Waliopata mafunzo walikutana mara tano kwa makundi, wakasikiliza maelezo yaliyorekodiwa, wakafanya mazoezi pamoja. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Habari zilizotolewa mwaka 2020 zilionyesha kwamba miezi mitatu baadaye wasiwasi wao ulikuwa umepungua kuliko wa wale ambao hawakupata mafunzo kamili, ingawa si kwa kiasi kikubwa. Mwaka huo huo shirika hilo lilitoa kitabu kidogo chenye picha kwa watu wote, na mojawapo ya mambo matano yanayofundishwa humo ni kuwa mwema, kwa wengine na kwako mwenyewe pia.

Zimbabwe nako, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye kufungisisa. Sisi tulio kando ya ziwa hatuna haja ya kustaajabu, maana zamani tulikuwa na pim, yule mama mzee ambaye watoto walilala katika siwindhe yake wakimsikiliza naye akiwasikiliza. Vyama vya akiba vya wanawake na vikundi vya kulima kwa zamu vyaweza kuchukua kazi hiyo leo. Kabla ya kuhesabu michango, kila mmoja aseme jambo moja lililomlemea wiki hiyo. Wenzake wasitoe mashauri haraka, wala lisichukuliwe kwenda kusimuliwa sokoni.

Yafaa niseme wazi kwamba mkono kifuani haulipi deni, wala haurudishi mbolea iliyosombwa na maji. Malipo ya miwa yadaiwe kwa njia zake, na kingo za mto zijengwe. Lakini mkulima aliyelala usingizi huandika barua nzuri zaidi ya madai kuliko aliyekesha, na nimesoma barua nyingi za namna zote mbili.

Tena uko uzito ambao haya mazoezi mafupi hayauwezi. Mtu akikaa wiki mbili bila usingizi wala hamu ya chakula, akaacha kazi aliyoipenda, au akaanza kusema kwamba watu wangekuwa heri bila yeye, asiachwe peke yake na asipewe hotuba. Aketi mtu naye, kisha aende naye kwenye kituo cha afya. Dawa za shambani zifungiwe kwa kufuli na ufunguo ushikwe na mwingine. Wengine wamenyamaza kwa kuogopa polisi, kwa sababu sheria ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Lakini mwezi wa Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226 katika Sheria ya Adhabu, kinapingana na Katiba. Asiyeweza kufika kituoni aweza kupiga simu kwa Msalaba Mwekundu wa Kenya, namba 1199, bila malipo.