Voliboli haikurefushi, ila inakujenga

Kama umewahi kupanda basi kutoka Singida kwenda Nzega, unaujua Mlima Sekenke. Malori hushuka pale kwa gia ndogo, taratibu, maana dereva anajua kasi ikishapotea mkononi hairudi. Shika picha hiyo, tutaihitaji.

Sasa mfikirie mwanafunzi wa sekondari maeneo hayo, anajiandaa na UMISSETA. Mtaani anaambiwa mambo mawili: "Cheza voliboli urefuke," na "Goti likiuma, vumilia." La kwanza si kweli. La pili linaweza kumtoa uwanjani.

Tuanze na urefu. Urefu wako unatokana zaidi na vinasaba ulivyorithi, kisha chakula na afya tangu utotoni. Wachezaji wengi ni warefu kwa sababu warefu ndio wanaochaguliwa: wavu wa wanaume una mita 2.43, wa wanawake 2.24. Na mfupi ana nafasi yake. Libero, yule mwenye jezi ya rangi tofauti, kazi yake ni kupokea na kulinda, siyo kushambulia juu ya wavu.

Kinachokua kweli ni uimara. Mfupa unaopata kishindo cha kuruka na kutua hujiongezea madini, na miaka ya balehe ndiyo ya kuweka akiba hiyo. Lakini kishindo kiwe cha kiasi.

Hapa ndipo lori letu linaingia. Tuseme umeruka na mwili unashuka sentimita 40 hadi miguu inapogusa ardhi. Ukitua umekakamaa, mwili ukasimama ndani ya sentimita 5 tu, ardhi inakusukuma kwa nguvu ya wastani ya mara 9 ya uzito wako. Ukikunja magoti na nyonga, ukasimama ndani ya sentimita 20, inakuwa mara 3. Mruko ni uleule, breki ndiyo tofauti.

Na goti? Kijana anapovuta urefu kwa haraka, mifupa hutangulia, misuli ya paja inabaki imekaza. Kano inayopita chini ya pia ya goti huvuta sehemu ya mfupa wa muundi ambayo bado ni laini. Hapo panavimba na kuuma, hasa ukiruka. Madaktari huita hali hiyo Osgood-Schlatter. Mara nyingi huisha ukuaji unapokamilika, ila ukiendelea kuruka kila siku juu ya maumivu, unaichochea.

Kwa hiyo wewe mchezaji, au mwalimu wa michezo: fundisheni kutua kabla ya smashi. Wekeni siku za kupumzika. Goti likiuma, punguzeni miruko. Mazoezi ya kupokea na kupanga mipira yaendelee. Likivimba sana, au mtoto akianza kuchechemea, mpelekeni kituo cha afya. Mashindano yatarudi mwakani, na goti lake bado atalihitaji.