Sindano ya Liyongo na Michezo ya Mtandaoni



Jumamosi iliyopita niliingia katika kibanda kimoja cha gemu hapa kwetu Nzuguni, si mbali na viwanja vya Nanenane. Nilikuwa namtafuta mpwa wangu, aliyetumwa sukari tangu asubuhi na sasa adhuhuri ilikuwa inakaribia. Nilimkuta ameshika pedi, macho kwenye kioo, sukari iko miguuni. Katika kioo mwanamke mwenye taji alikuwa akipigana na mchawi, na kando yake alikuwapo shujaa mwingine aliyevaa joho jekundu. Huyo wa joho ndiye mpwa wangu, maana katika michezo ya namna hiyo kila mchezaji hujiundia shujaa wake, kisha hukutana kwa mtandao na wachezaji wa nchi nyingine.

Nilikuwa nimejiandaa kugomba, lakini yeye akaniwahi. "Shikamoo mjomba. Huyu mchawi anaitwa Circe, anageuza watu kuwa wanyama." Nikamjibu kwamba Circe namfahamu, yumo katika ngano za Wagiriki wa kale, na aliwageuza mabaharia kuwa nguruwe. Kijana akanitazama kama mtu aliyegundua kuwa babu yake alicheza mpira wa ligi. Halafu akauliza: "Na wa kwetu wako wapi?"

Swali hilo ndilo nililokuja nalo leo.

Kwanza tuelewe jambo moja. Hao mashujaa wa Marekani wanaoruka angani hawakuzaliwa jana. Mwaka 1940 vitabu vya picha vilimleta kijana ambaye akitamka neno "Shazam" hupata nguvu za ajabu, na herufi za neno hilo ni za majina ya kale, kama vile Hercules, Zeus na Achilles. Mwaka 1941 akaja Wonder Woman, binti wa Waamazoni wa ngano za Kigiriki. Mwaka 1962 mungu wa radi wa watu wa Ulaya ya Kaskazini, Thor, akaingizwa katika kundi hilohilo. Mchezo uitwao DC Universe Online ulipofunguliwa mwaka 2011, ulirithi sehemu ya ukoo huo. Kwa hiyo mtoto wa Nzuguni anapobonyeza pedi, anashika ncha ya kamba ndefu sana.

Kwa nini watengenezaji hupenda ngano za kale? Sababu ni kwamba ngano huja ikiwa imekwisha kupangwa kazi kwa kazi. Hercules alipewa kazi kumi na mbili, na kila moja ina fumbo lake. Joka la vichwa vingi likikatwa kichwa kimoja, huota viwili. Hapo mabavu hayasaidii. Ilibidi mpwa wake achome kila shingo kwa moto ili vichwa visiote tena. Fumbo kama hilo mtengenezaji akilikuta tayari, kwa nini aumize kichwa kubuni jingine?

Lakini mara nyingi mchezo huchukua joka na kuacha sababu. Hercules hakuzifanya kazi zile kwa kutafuta sifa. Alikuwa amewaua watoto wake mwenyewe akiwa na wazimu, na kazi zile zilikuwa malipo ya damu. Ukiondoa jambo hilo, hubaki mtu mwenye misuli anayeua wanyama.

Sasa turudi kwetu. Pwani ya Lamu na Pate kuna habari za Fumo Liyongo, ambazo Edward Steere alizichapisha katika kitabu cha ngano za Kiswahili mwaka 1870. Liyongo alikuwa mpiga mishale na mshairi, na mtawala wa Pate alimwogopa, akamfunga gerezani. Mama yake akamtumia mkate wa wishwa, ule ambao walinzi hawakuutamani, na ndani yake ameficha tupa. Liyongo akatunga wimbo, watu wakapiga ngoma usiku kucha, na kelele za ngoma zikafunika sauti ya tupa ikikata minyororo. Hebu niambie, msikilizaji, ni mtengenezaji gani wa gemu angeweza kupanga vizuri zaidi ya hapo? Mkate, tupa, wimbo. Ukikosa kimoja, hutoki.

Liyongo hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Achilles wa Wagiriki alikuwa na kisigino. Wetu alikuwa na kitovu. Aliyeijua siri hiyo na kuitumia ni mwanawe mwenyewe, aliyehongwa kwa ahadi za cheo na ndoa. Baba alimwambia mwana kwa mapenzi, mwana akamchoma baba usingizini. Liyongo akaenda kisimani, akapiga goti na upinde wake, akafa katika hali hiyo. Siku kadhaa watu hawakuthubutu kuteka maji wakidhani yu hai.

Mchezo ukimchukua Liyongo kwa upinde wake tu, utakuwa umeokota ganda la nazi. Tui lake ni ile sindano, na mkono ulioishika.

Inawezekana kufanya vizuri. Aprili 2024 ulitoka mchezo uitwao Tales of Kenzera: ZAU, uliotengenezwa na kampuni ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Si wa kucheza na wengine mtandaoni. Unaucheza peke yako, na unaweza kuusikiliza kwa Kiswahili. Kijana Zau anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kumwomba amrudishie baba yake. Kalunga anamtaka amletee roho tatu kubwa. Salim alikuwa amefiwa na baba yake, na mchezo mzima ni matanga. Mapigano yamo, lakini mchezaji anajua kila wakati anapigania nini.

Liko pia la kujihadhari. Mwaka 2012 mchezo wa mtandaoni uitwao Smite ulimweka Kali, na Wahindu wakalalamika kwamba mungu wao anayeabudiwa hadi leo amegeuzwa mwanasesere wa kuendeshwa kwa vidole. Zeus hana waumini wengi wa kulalamika. Sisi wa kanda ya kati tunayo michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na baadhi ya mapango yake bado watu hufanyia matambiko. Anayetaka kulifanya pango kama hilo uwanja wa vita vya gemu, kwanza aende akabishe hodi kwa wenyewe.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, nilijaribu kumjibu mpwa wangu. Nikamsimulia Idodomya, habari ya tembo aliyekuja kunywa maji akazama katika tope, ndipo mji wetu ukapata jina la Dodoma. Akasikiliza vizuri, sukari begani. Kisha akauliza: "Sasa mjomba, walimtoaje?"

Nikanyamaza. Marehemu bibi yangu alikuwa akiisimulia kwa Kigogo, na katikati palikuwa na wimbo ambao sisi watoto tuliitikia. Nakumbuka kwamba tuliitikia. Maneno siyakumbuki, na wala sikumbuki kama tembo alitoka. Wagiriki wa kale wamekufa zamani, lakini ninaujua mwisho wa hadithi yao kuliko wa bibi yangu aliyenilea.

Tumekubaliana kwamba Jumapili tutakwenda kijijini kwa dada mkubwa wa mama, ambaye bado yu hai na kumbukumbu zake ni nzima. Kijana atachukua simu ya kurekodia. Mimi nitajaribu kuitikia.

Nawe msikilizaji, kama una mzee nyumbani, muulize kabla gemu halijamuuliza mtoto wako. Kwa leo naishia hapa. Tuonane juma lijalo, panapo majaliwa.