Mizani na simu visimpofushe mnunuzi wa ng'ombe

MFANYABIASHARA anayeingia katika mnada wa Katesh au Haydom siku hizi huwa ameshapata kwa simu bei za Arusha na za Pugu, Dar es Salaam, kabla hajamwona ng'ombe hata mmoja. Penye mizani, uzito nao husomwa kwa namba. Swali linalozuka ni kama kijana anayejifunza biashara hii kwa kutegemea namba hizo atapata kweli ujuzi ambao wazoefu wa Jorodom, Basotu na Dongobesh waliupata kwa kukosea na kulipia makosa yao.

Faida ya namba haina ubishi. Kwa miaka mingi mfugaji aliuza kwa bei aliyotajiwa na dalali, kwa kuwa hakuwa na habari nyingine. Katika miaka ya 2000 mfumo wa LINKS, ulioendeshwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Texas A&M cha Marekani, ulianza kukusanya bei za minada ya Tanzania, Kenya na Ethiopia na kuzitoa kwa ujumbe wa simu. Serikali nayo imekuwa ikihimiza mifugo iuzwe kwa uzito badala ya kukisia kwa macho. Hatua zote mbili humpa muuzaji mdogo nguvu ya kukataa bei ya kunyonywa.

Hata hivyo, mizani hupima kila kilichomo ndani ya ng'ombe. Ng'ombe aliyelambishwa chumvi na kunyweshwa lita 40 za maji asubuhi ya mnada ameongeza kilo 40 ambazo si nyama. Tuseme bei ni Sh. 4,000 kwa kilo ya ng'ombe hai: mnunuzi amelipa Sh. 160,000 kwa maji. Akipakia ng'ombe 20 wa namna hiyo, Sh. 3,200,000 zitamwagika barabarani kabla lori halijafika Pugu. Jicho lililozoea halidanganyiki kirahisi, kwani hutazama nundu, mgongo na makalio, si tumbo peke yake. Mkono nao hufungua mdomo na kuhesabu meno ili kujua umri. Bei iliyotumwa kwa simu haielezi lolote kati ya hayo.

Hoja hiyohiyo imewagawa kwa muda mrefu watu wa biashara nyingine inayotegemea kukisia, nao ni wachezaji wa karata za poka kwa njia ya intaneti. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wamekuwa na programu, mojawapo ikiwa PokerTracker, zinazoandika kila mkono wa karata uliochezwa na kuonyesha kando ya jina la mpinzani ni mara ngapi katika 100 huweka fedha mezani. Wapo wanaosema programu hizo huongeza faida. Wengine husema humfanya mchezaji asome namba na kuacha kumsoma mtu. Mwaka 2019 kampuni ya partypoker ilizuia wachezaji kupakua kumbukumbu hizo, na waliozoea kuzitegemea wakalazimika kurudi kwenye uangalifu wao wenyewe.

Kasoro kubwa ya wanaojifunza kwa programu hizo ni kuamini hesabu ndogo. Mpinzani aliyeweka fedha mara 10 katika mikono 40 huonekana kuwa mtu wa asilimia 25. Kwa kanuni za takwimu, tabia yake halisi inaweza kuwa popote kati ya asilimia 12 na 38 hivi. Ikifika mikono 1,000, nafasi ya kukosea hupungua hadi kama asilimia 3 kila upande. Mchuuzi aliyefuatilia minada mitatu na kutangaza kuwa bei ya maksai inapanda yumo katika kosa hilohilo.

Aidha, kumbukumbu husimulia yaliyopita tu. Wakulima na wanunuzi wa mbaazi mkoani Manyara walilijua hilo kwa uchungu. Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu wa zao hilo, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei hapa nchini ikaporomoka. Daftari la bei nzuri za misimu iliyotangulia halikumsaidia aliyekuwa amejaza ghala. Aliyefuatilia mavuno ya India kwenyewe alikuwa na sababu ya kupunguza mzigo mapema. Mlango huo ulifunguliwa tena mwaka 2021.

Je, basi mfanyabiashara atupe simu na kuikimbia mizani? La. Tatizo liko katika utaratibu wa kuvitumia. Anayesoma namba kwanza halafu akamtazama ng'ombe huona kile ambacho namba imeshamwambia, na jicho lake halipati kazi. Anayekisia kwanza, akaandika, kisha akapima, hulifundisha jicho kila siku ya mnada.

Daftari la safu tatu linatosha: kilo alizokisia, kilo za mizani na fedha alizopata alipouza. Baada ya ng'ombe 50 mnunuzi ataona kama hukisia juu au chini, na ni kwa ng'ombe wa aina gani. Wachezaji hodari wa poka nao hutumia programu zao hivyo, wakiketi baada ya mchezo kuchunguza makosa yao wenyewe.

Ushauri huo unamfaa pia mwenye hisa chache katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kabla ya kufungua simu kuona bei ya leo, aandike kwanza hisa hiyo ina thamani gani kwake na kwa sababu ipi. Asiyeweza kuandika sababu hiyo ajue kwamba ananunua makisio ya mwingine.