Pensheni ya Wazee: Umri Utoshe Kuwa Kigezo

Kila Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, viongozi wetu husema jukwaani kwamba wazee ni hazina ya taifa. Lakini kwa Tanzania Bara, mzee aliyelima au kuvua maisha yake yote hana pensheni ya Serikali, kwa sababu hakuwahi kuajiriwa. Zanzibar hali ni tofauti, na tofauti hiyo ina somo kwetu sote.

Tuanze na mifuko ya hifadhi ya jamii. NSSF na PSSSF kwa upande wa Bara, pamoja na ZSSF ya Zanzibar, huendeshwa kwa michango. Mwajiri na mwajiriwa huchangia kila mwezi, na mstaafu hulipwa mafao kulingana na mshahara wake na muda aliochangia. Ni utaratibu mzuri kwa mwenye mshahara. Mkulima, mama lishe, mvuvi na kibarua, ambao ndio wengi, hawana mwajiri wa kuwachangia, na kipato chao hupanda na kushuka kwa msimu. Wanaruhusiwa kuchangia kwa hiari, lakini ruhusa hiyo haimsaidii aliyekwisha kufika miaka 70. Muda wa kuchangia umempita.

Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii. Kila mkaazi wa Visiwani aliyefikisha miaka 70 alistahili shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au la, awe tajiri au maskini. Fedha zinatoka katika bajeti ya Serikali yenyewe, si kwa wafadhili. Kiwango hicho baadaye kilipandishwa hadi shilingi 50,000.

Wengi huuliza: kwa nini tumlipe na mzee mwenye nyumba za kupangisha? Kwa nini wasipewe maskini peke yao? Swali ni la haki, na jibu lake liko katika ugumu wa kumtambua maskini. Katika nchi ambayo watu wengi hawana hati ya mshahara, hakuna anayejua kwa hakika kipato cha kaya. Mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na TASAF hutumia mikutano ya kijiji na dodoso linalouliza aina ya paa, mali na idadi ya wategemezi. Mpango huo umezifikia kaya zaidi ya milioni moja na umesaidia wengi. Hata hivyo, kijijini ambako karibu kila mtu ni maskini, kaya mbili zinazofanana zinaweza kutenganishwa na bati moja: hii ikaingia, ile ikaachwa. Bibi anayeishi kwa mwanawe mwenye nyumba ya bati anaweza kukosa, ingawa yeye mwenyewe hana senti mkononi. Umri hauna utata wa namna hiyo. Na tajiri aliyepokea pensheni anaweza kuirudisha kwa njia ya kodi.

Je, nchi itamudu? Tupige hesabu. Shilingi 20,000 kwa mwezi ni 240,000 kwa mwaka. Kwa kila wazee 100,000, hiyo ni shilingi bilioni 24. Kwa kiwango cha 50,000, ni bilioni 60. Si fedha kidogo, lakini Serikali inaweza kuubeba mzigo huu hatua kwa hatua. Inaweza kuanza na wenye miaka 75 au 80, kisha kushusha umri kadiri mapato yanavyokua. Lesotho, nchi ndogo isiyo na utajiri mkubwa, imekuwa ikiwalipa wazee wake wa miaka 70 na kuendelea tangu mwaka 2004.

Fedha hizo haziishii kwa mzee. Mwanauchumi Esther Duflo alichunguza pensheni ya wazee nchini Afrika Kusini, akabaini kuwa bibi alipopokea pensheni, lishe ya wajukuu wa kike aliokaa nao iliimarika. Kwetu, ambako bibi wengi ndio walezi wa wajukuu, matokeo hayo yana uzito wa pekee.

Tukubali pia kwamba kuanzisha hakutoshi. Kenya ilipanua mpango wake wa Inua Jamii mwaka 2018 ili uwafikie wote wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni nyingine, kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Lakini mara kwa mara malipo hucheleweshwa yakalimbikizana miezi kadhaa, huku bei za vyakula zikipanda na kiwango kikibaki palepale. Mzee anayenunua dawa za shinikizo la damu kila mwezi hawezi kusubiri. Ndiyo maana pensheni inapaswa kulindwa kwa sheria inayotaja tarehe ya kulipa na namna ya kupandisha kiwango. Wazee wasio na cheti cha kuzaliwa nao wawekewe utaratibu wa kuthibitisha umri wao mtaani au kijijini, bila kuzungushwa ofisi hadi ofisi.

Tanzania Bara imekuwa na Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Zanzibar ilithubutu na imeendelea kulipa. Wabunge wetu wanapojadili bajeti, tuwaulize waziwazi: fungu la pensheni ya wazee liko wapi, na litaanza mwaka gani?