Mwanamke wa Herat ang'ang'ania soko la zafarani

KILO moja ya zafarani kavu hutokana na maua yapatayo 150,000. Kila ua lina nyuzi tatu tu nyekundu, na kila ua huchumwa kwa mkono kabla jua halijapanda. Katika mkoa wa Herat, magharibi mwa Afghanistan, mikono inayofanya kazi hiyo ni ya wanawake kwa sehemu kubwa.

Juu ya hesabu hiyo mfanyabiashara Shafiqeh Attai alijenga kampuni yake. Mwaka 2007 alianzisha kampuni ya wanawake ya zafarani katika wilaya ya Pashton Zarghon, mkoani Herat. Hadi mwaka 2021 kampuni hiyo ilikuwa na shamba la hekta 25, na katika msimu wa mavuno iliwapa kazi wanawake wapatao 1,000.

Lengo lake lilikuwa kuwapatia kipato akina mama wanaobeba familia zao peke yao. Nchi iliyopigana vita kwa zaidi ya miaka 40 ina wajane wengi, na mjane asiye na kazi hana wa kumlipia chakula, nguo wala ada ya mtoto.

Agosti 15, 2021, Taliban waliingia Kabul na kutwaa madaraka. Mavuno ya zafarani huanza Oktoba. Mwenye kampuni hiyo alikuwa na takriban miezi miwili ya kuamua kama atafunga hesabu au atapeleka wachumaji shambani.

Zao la mgeni aliyerudi kwao

Zafarani si zao la zamani sana katika mashamba ya Herat ya leo. Lilipata nguvu katika miaka ya 1990, pale wakimbizi wa Afghanistan waliokuwa wakifanya kazi katika mashamba ya Iran waliporudi nyumbani na vijitunguu vyake. Wilaya ya Ghoryan, iliyo jirani na mpaka, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kulima.

Baada ya mwaka 2001, wafadhili na serikali ya wakati huo walilipigia debe kama zao la kushindana na kasumba. Hoja ilikuwa nyepesi: mpopi humpa mkulima fedha taslimu, hivyo zao la kuuondoa ni lazima nalo liwe na bei. Ngano haikuwa na bei hiyo.

Faida nyingine ni maji. Mmea wa zafarani hulala ardhini wakati wa kiangazi kikali, na mahitaji yake ya maji huja zaidi majira ya baridi na mwanzo wa masika. Kwa mkoa wenye ukame wa mara kwa mara, hiyo si faida ndogo.

Leo Herat ndiyo inayotoa sehemu kubwa kabisa ya zafarani yote ya Afghanistan. Hata hivyo mbabe wa soko ni Iran, ambayo inakadiriwa kutoa karibu asilimia 90 ya zafarani ya dunia. Afghanistan na eneo la Kashmir nchini India ni miongoni mwa wanaogombea sehemu iliyobaki.

Mtaji unaolala ardhini

Anayedhani kuwa bei kubwa ni faida kubwa na atazame kwanza gharama zenyewe. Zafarani haina mbegu za kusia. Ua lake ni tasa, na mmea huzaliana kwa vijitunguu vilivyo chini ya udongo. Mkulima hununua vijitunguu hivyo kwa uzito, huvipanda mwishoni mwa kiangazi, na mwaka wa kwanza huambulia maua machache tu. Mavuno ya maana huja mwaka wa pili na wa tatu.

Kwa maneno mengine, mtaji hulala ardhini miaka miwili kabla haujaanza kurudi. Mkopo wa miezi sita hauna maana katika kilimo hiki. Kwa mwanamke asiye na hati ya ardhi ya kuweka dhamana, kupata mkopo wa muda mrefu ni kazi nyingine. Ndiyo maana kampuni na vyama vya akina mama vilikuwa na umuhimu: vilibeba kwa pamoja mzigo ambao mama mmoja asingeuweza.

Msimu ukifika, hakuna kupumzika. Maua hujitokeza kwa wiki chache tu, Oktoba na Novemba. Wachumaji, baadhi yao akina mama wenye umri wa miaka 50 na 60, huingia shambani alfajiri, kwa sababu ua likishapigwa na jua hunyauka na nyuzi hupoteza ubora. Siku hiyo hiyo maua humwagwa mezani, nyuzi zikanyofolewa na kukaushwa. Kilo tano hivi za nyuzi mbichi hubaki kilo moja kavu.

Bei iliyotajwa sokoni mwaka 2021 ilikuwa zaidi ya dola 5,000 za Marekani kwa kilo. Ukiigawa kwa maua 150,000, kila ua lina thamani ya senti tatu za dola na kidogo. Kutoka katika senti hizo tatu ndimo unamotoka ujira wa mchumaji, wa mnyofoaji, gharama ya ukaushaji, kopo, usafiri, kodi na faida.

Faida iko kwenye kopo

Bei hiyo kubwa si ya shambani. Mkulima anayeuza nyuzi zake kwa mchuuzi hupata sehemu tu ya kile anacholipa mpishi wa Ulaya au wa nchi za Ghuba. Kwa miaka mingi, zafarani ya Herat ilivushwa mpaka na kuuzwa kwa jina la nchi nyingine. Mkulima wa Afghanistan alibaki na jasho, jina likaenda kwa jirani.

Hapo ndipo uamuzi wa Attai unapopata maana ya kibiashara. Kampuni yake haikuishia kulima. Ilisindika, ikafungasha na kuuza nje, huku nguvukazi yake yote ikiwa karibu ni ya wanawake. Mwenye kufungasha ndiye mwenye kuandika jina juu ya kopo, na ndiye anayejadiliana bei na mnunuzi wa mwisho.

Ubora nao una kipimo chake. Wanunuzi wakubwa hufuata kiwango cha kimataifa kinachojulikana kama ISO 3632, ambacho hupima maabara nguvu ya rangi, ladha na harufu. Zafarani iliyochelewa kuchumwa au iliyokaushwa vibaya hushuka daraja, na bei hushuka nayo.

Bidhaa ghali haikosi bandia. Walanguzi huchanganya nyuzi na nywele za mahindi zilizotiwa rangi, au unga wa manjano. Mnunuzi wa kawaida anaweza kujikinga kwa jaribio rahisi: atie nyuzi chache katika maji ya uvuguvugu. Zafarani halisi hutoa rangi ya dhahabu polepole na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Ikiwa maji yamebadilika papo hapo na uzi umekuwa mweupe, ameuziwa rangi.

Onyo hilo linawahusu pia wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako zafarani hutiwa katika biriani na hutumika kama wino wa kuandikia kombe, na jamaa zao wa Oman, ambao halua yao haikamiliki bila hiyo.

Alibaki

Baada ya Agosti 2021 wafanyabiashara wengi waliondoka Afghanistan. Attai hakuondoka. Mwishoni mwa mwaka huo aliliambia shirika la habari la AFP kwamba kuondoka kungekuwa ni kuifuta kazi yote iliyofanyika tangu mwanzo, na kwamba yeye na wenzake hawatakaa nyumbani kimya. Alieleza pia kuwa hofu yake haikuwa kwa ajili yake peke yake, bali kwa mamia ya wanawake wanaotegemea zao hilo.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Taliban walipotawala kati ya mwaka 1996 na 2001, wanawake walizuiwa kufanya kazi nyingi nje ya nyumba. Safari hii biashara za wanawake hazikupigwa marufuku kwa jumla, lakini amri zilikuja moja baada ya nyingine. Desemba 2021 ilitangazwa kuwa mwanamke asisafiri zaidi ya kilomita 72 bila ndugu wa kiume. Desemba 2022 vyuo vikuu vilifungwa kwa wanawake. Julai 2023 saluni za wanawake, ambazo zilikuwa ajira ya maelfu, ziliamriwa kufungwa.

Kwa mwenye kampuni ya kuuza nje, amri ya safari ni gharama. Kwenda kuonana na mnunuzi, kufuatilia mzigo uwanja wa ndege au kuhudhuria maonyesho ya biashara kunahitaji watu wawili badala ya mmoja, na muda wa mtu wa pili haulipwi na mnunuzi.

Fedha zilikwama

Tatizo la pili lilikuwa benki. Marekani ilizuia akiba ya benki kuu ya Afghanistan ipatayo dola bilioni 7 iliyokuwa imewekwa nchini humo. Benki za Afghanistan zikaweka kikomo cha fedha ambazo mteja angeweza kutoa kwa wiki. Kwa zao ambalo maelfu ya vibarua hulipwa ndani ya wiki chache, kikomo cha namna hiyo ni sawa na kufungwa mikono katikati ya mavuno.

Februari 2022 Wizara ya Fedha ya Marekani ilitoa kibali kipana kilichoruhusu miamala ya kibiashara na nchi hiyo. Hata hivyo benki nyingi za nje zimekuwa na woga wa kuigusa Afghanistan. Mnunuzi anaweza kutaka mzigo, muuzaji akawa nao, lakini njia ya kupitisha malipo ikawa ndefu na yenye makato.

Kisha ikaja ardhi yenyewe. Oktoba 7, 2023, tetemeko lenye nguvu ya 6.3 liliupiga mkoa wa Herat, likafuatiwa na mengine siku chache baadaye. Watu zaidi ya 1,000 walikufa na vijiji vizima vya udongo vikabomoka, wiki chache tu kabla ya maua kuchanua.

Mizani ya soko

Tangu Aprili 2022 Taliban wamepiga marufuku kilimo cha mpopi, na Umoja wa Mataifa uliripoti kuwa eneo la zao hilo liliporomoka kwa asilimia 95 mwaka 2023. Kwa maandishi, hiyo ni nafasi nzuri kwa zafarani. Kwa vitendo, mkulima aliyezoea kuvuna mpopi kwa msimu mmoja hana akiba ya kungojea vijitunguu miaka miwili.

Upungufu mwingine hauonekani mapema. Akina mama wa miaka 60 wanajua kuchuma, na bado mikono yao inatosha. Lakini kampuni inayofungasha na kuuza nje inahitaji pia mhasibu, mpimaji wa maabara na mtu wa kuandikiana na wateja. Kwa kampuni ya wanawake watupu, watu hao walitarajiwa kutoka katika vyuo ambavyo milango yake ilifungwa Desemba 2022. Mhasibu aliyehitimu kabla ya hapo ataendelea kufanya kazi kwa miaka kadhaa. Akistaafu, hakuna aliyekuwa darasani kumrithi.

Wanaofuatilia soko hili hutazama bei ya kilo kila Novemba. Mwenye shamba Herat hutazama kwanza jambo jingine, mapema zaidi: ni wanawake wangapi wametokea shambani alfajiri ya siku ya kwanza ya mavuno.