Tezi Inayokimbia na Mzizi wa Ashwagandha

Mtu ambaye tezi yake ya thairoidi inatoa homoni kupita kiasi hana raha: moyo unamwenda mbio hata akiwa ameketi, mikono inamtetemeka, usingizi hauji, anakonda ilhali anakula vizuri. Akigeukia Ayurveda, tiba ya jadi ya India, haitachukua muda ataambiwa atumie ashwagandha, mzizi unaosifiwa kwa kutuliza akili.

Hapo ninamsihi asimame. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watu ambao tezi zao zilikuwa zimezorota kidogo walipewa miligramu 600 za mzizi huo kila siku kwa wiki 8, na homoni zao zikapanda. Kwa tezi legevu, hiyo ni habari njema. Kwa tezi iliyokwisha kupitiliza, ni hatari. Wapo hata watu wazima wenye afya njema walioanza kuugua homoni nyingi baada ya kuutumia mzizi huo. Guggul, utomvu ulio ndani ya vidonge vya kanchanar guggulu vinavyouzwa kama dawa ya thairoidi, nao umeonekana kuichochea tezi ya panya.

Kitabu cha kale cha Ayurveda, Sushruta Samhita, kinaeleza galaganda, yaani rovu, kwa aina tatu: ya vata (nguvu ya upepo mwilini), ya kapha (nguvu ya kamasi) na ya mafuta. Ya pitta, lile joto la mwili ambalo waganga wa leo hulilaumu kwa tezi inayokimbia, haimo. Waganga wale wa kale waliuona uvimbe na kuupapasa. Homoni hawakuwa na namna ya kuipima. Basi dawa ya rovu haikuambii tezi inakimbia au imelala. Kipimo cha damu ndicho kinachoamua.

Kulala kwa saa maalumu, kupunguza kahawa na kupumua polepole kwa yoga nayaunga mkono kwa moyo wote, maadamu karbimazoli, dawa ya hospitali inayopunguza homoni za thairoidi, haiachwi. Vidonge vya Ayurveda vya mtandaoni siviungi mkono. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 193 za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni, wakakuta takriban moja kati ya tano ina risasi, zebaki au aseniki.

Na anayemeza karbimazoli akipata homa na koo likamuuma, asijipikie chai ya tulsi, mmea wa dawa wa Ayurveda, akangoja. Aache kidonge, aende hospitali siku hiyohiyo akapimwe chembe nyeupe za damu, kwani dawa hiyo mara chache huzishusha vibaya.