Saa Moja Kati ya Luano na N'djili

Anayewasomea wazazi tiketi ya ndege ya Lubumbashi–Kinshasa anaweza kukosea kirahisi: anatoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika, anadhani kilichobaki ndicho muda wa safari.

Kutoka kiwanja cha Luano hadi cha N'djili, kwa mstari ulionyooka angani, ni karibu kilometa 1,550. Jeti iendayo kilometa 800 kwa saa ingeumaliza umbali huo kwa muda usiofika saa mbili. Ukiongeza kupanda na kushuka, utapata kama saa mbili na robo.

Lakini saa za Lubumbashi zimetangulia zile za Kinshasa kwa saa moja, na tiketi huandika saa za mji husika. Tuseme ndege inaondoka Luano 10:00. Itatua N'djili 11:15 ya huko, kana kwamba imeruka saa moja na robo tu. Ikirudi 13:00, itafika kwetu 16:15, na safari ileile itaonekana ya saa tatu na robo.

Mfasiri ana mtego wa pili: 10:00 ya tiketi, kwa Kiswahili sanifu, ni saa nne asubuhi. Mzazi aliyeambiwa “saa kumi” anaweza kuja alasiri, ndege imekwisha kuondoka zamani.

Basi, unapofasiri tiketi, usiandike saa peke yake. Taja pia kama ni asubuhi au alasiri, na ni saa za mji gani.